Jiko la Kumpandisha Mama Mlimani

Mama yangu ameitazama milima ya Udzungwa tangu aolewe huku bondeni, lakini hakuwahi kuikanyaga. Mwaka jana magoti yalipoanza kumsumbua, aliniambia, "Nipeleke kabla hayajagoma kabisa. Ila mimi silali porini kwa mkate na soda. Nitakula ugali wa moto." Hifadhini hatukuruhusiwa kuokota kuni, kwa hiyo safari yote ikategemea jiko.

Nikaazima moja, nikanunua la pili, la tatu nikaagiza Dar. Nikayapanga uani kwetu Ifakara, nikijiona mtaalamu.

La kwanza lilikuwa la kukunja, linaingia mfukoni. Waliolitengeneza, nadhani, ni watu wa kukoroga supu kwa kijiko. Mama alivuta kigoda, akashika mwiko, akasonga mara mbili tatu, na sufuria ikaenda chini na unga wake. La pili, stovu ya utambi, lilisimama vizuri, ila lilinuka mafuta ya taa hata likiwa limezimwa. "Hili ukilipakia pamoja na unga," alisema, "tutakula taa."

La tatu lilikuwa fupi, lenye miguu mitatu iliyotanuka, na kopo lake la gesi likikaa pembeni, limeunganishwa kwa mpira. Mama akasongea ugali mgumu juu yake, kwa nguvu zake zote, kama anayeligombeza. Likatikisika, lakini halikuanguka. Akapangusa mwiko, akasema, "Twende."

Tulipanda kutoka Mang'ula polepole, askari wa hifadhi mbele, mama na fimbo yake katikati, mimi nyuma nikiyaombea magoti yale. Tulilala juu. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na miti mikubwa kiasi kwamba nilijikuta nanong'ona bila kujua kwa nini. Nikawasha jiko. Kale kamoto ka bluu kakanguruma peke yake katika msitu mzima, nikakatazama kwa mshangao wa kitoto. Mama akaanza kusonga.

Ndipo ukungu ukafunguka. Bonde zima lilikuwa chini yetu: mto umejikunja na kujikunjua, maji yaliyobaki ya mafuriko yanang'aa, mpunga wa njano mpaka macho yanapoishia. Nilisahau kuvuta pumzi. Mama aliachia mwiko. Sijapata kumwona akiacha ugali katikati, hata siku za msiba.

"Shamba letu liko wapi?" aliuliza.

Nikanyoosha kidole kwa kukisia tu, maana halikuonekana. Alikaza macho. Ugali ulianza kuungua, nikazima jiko, na yeye wala hakusikia harufu.

"Miaka yote nimo humo, nimeinamia jembe," alisema hatimaye. "Hakuna aliyeniambia kwamba naishi mahali pa namna hii."