Mwaka Uliokuwa Chini ya Rangi ya Sanduku la Babu

Darasani kwetu mimi ndiye redio. Mwalimu akigeukia ubao, natangaza vichekesho. Kwa hivyo mwalimu wa historia alipotuambia tulete vitu vya zamani kutoka nyumbani, nilijua siku hiyo nitavunja watu mbavu.

Babu alikuwa na sanduku la chuma la kijani, zito hata likiwa tupu, lenye mpira ndani ya mfuniko wa kuzuia maji na wadudu. Aliweka humo mbegu za mahindi, wembe na kitabu cha nyimbo. Alisema lilikuwa la risasi, na kwamba alirudi nalo kutoka Burma vita vya Wazungu vilipokwisha. Soko zima la Muthetheni lilijua habari hiyo. Walimwita Afande.

Nilipomwomba sanduku, alikataa kuniachia.

"Nitakuja mwenyewe. Wewe utalieleza kama sufuria ya kupikia muthokoi."

Akanituma nilisugue ling'are. Nikalisugua kwa mchanga na stilwaya ya kusugulia sufuria mpaka rangi ikabanduka. Chini yake kukatokea mshale wa mistari mitatu, kama unyayo wa kuku, na kando yake tarakimu mbili za mwaka. Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia. Sanduku lilitengenezwa miaka minane baada ya vita kwisha.

Ningemwambia hapo hapo. Alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu, anapiga koti lake pasi ya makaa huku akipiga mluzi. Nikaendelea kusugua. Kichekesho kama hicho nilikiona kikubwa mno kwa watu wawili.

Siku yenyewe babu alisimama mbele ya darasa, koti limefungwa vifungo vyote, jua likiwaka. Akaeleza matope, mvua, wenzake aliowazika. Hata mimi nilijisahau kidogo. Mwalimu akainama, akagusa ule unyayo wa kuku.

"Hii ni alama ya serikali ya Mwingereza. Ni sanduku la risasi kweli, mzee."

Babu akanitazama, kidevu juu.

"Mwalimu," nikasema, "soma na mwaka."

Mwalimu akasoma kimya, kisha akafunika zile tarakimu kwa kiganja. "Tuendelee, mzee."

Lakini redio ilikuwa imeshawaka. "Babu, vita iliisha, sasa wewe ukabaki huko miaka nane ukingoja sanduku itengenezwe?"

Darasa likalipuka. "Afande wa soko!" mmoja akapaaza sauti kutoka nyuma.

Babu alifungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena. Akatoka, akaliacha sanduku mezani.

Nililibeba mimi hadi nyumbani, vishikio vikinikata vidole. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa akipepeta mahindi. Nikamsimulia, nikitarajia acheke.

"Alienda," alisema. "Nilikuwa msichana, nilimwona akienda, nikamwona akirudi na kikohozi. Wale walienda na yeye hakuna alirudi wa kumsemea. Karatasi zake zikaliwa na mchwa, watu wakaanza kumwita mwongo. Ndiyo akanunua hiyo sanduku kwa Msomali mmoja mjini Machakos."

"Na mbona hukuniambia, susu?"

"Uliniuliza?"

Jioni nilimpelekea babu sanduku lake. Hakuligusa. "Kaa nalo," alisema. "Wewe ndiye unalijua."

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Tangu hapo babu haendi huko, na mbegu zake anazifunga kwenye karatasi ya nailoni, ambayo panya wameshaitoboa.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa ya mwalimu, nikasimama mbele ya darasa na kusema, bila hata kutabasamu, kwamba babu yangu alienda vitani kweli.

Walicheka mpaka wakapiga madawati. Walidhani natangaza.