Bwawa Lililokanyagwa na Ng'ombe Wetu

Sina subira na makandarasi. Ofisini kwetu Musoma wanalijua hilo, na wenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu nao wanalijua. Wakiona gari letu linakata kona wanaanza kufagia. Kazi yangu ni kukagua mabwawa ya topesumu, yaani lile tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa kwenye mawe yaliyosagwa, likiwa na sayanaidi ndani yake. Bwawa likivuja, sumu inakwenda kwenye visima vya watu. Ndiyo maana nalikagua likiwa bado linajengwa, kabla plastiki haijatandikwa, wakati kila kitu kiko wazi na hakuna wa kunificha kitu.

Bwawa ninaloliandika hapa lilijengwa kijijini kwetu, upande wa Butiama unaopakana na Mugeta. Nilimwambia bosi wangu mapema kwamba pale ni nyumbani, na baba yangu anaishi ng'ambo ya kilima. Akacheka, akasema afadhali, dereva hatauliza njia. Wakaguzi ni wachache na mitambo ni mingi, basi nikaenda. Mara ya kwanza tulikwenda kuona eneo tu, mimi, bosi na mwenye mtambo. Tukasimama kwenye majani, tukaonyeshana mipaka kwa vidole, tukaondoka. Sikupita nyumbani kwa sababu bosi alikuwa anawahi kikao Bunda. Lakini wachungaji waliniona nikishuka kwenye gari la serikali, na kabla jua halijazama baba alikuwa ameshapata habari kwamba binti yake ndiye anayesimamia jambo lile.

Niliporudi peke yangu, Jumamosi moja kabla ya mvua, shimo lilikuwa limeshachimbwa na tuta limeinuka pande zote. Sakafu ya bwawa la namna hii hutandikwa udongo wa mfinyanzi, ukashindiliwa tabaka baada ya tabaka hadi maji yasipenye, ndipo plastiki nzito nyeusi inalazwa juu yake. Ikitoboka plastiki, udongo unabaki kuwa kinga. Nikachimba vishimo vidogo sakafuni, nikavijaza maji, nikaweka alama na kusubiri. Kwa kawaida hapo ndipo ninapoanza kufoka. Safari hii tulikwenda kunywa chai, tukarudi, maji yako palepale. Nikahamia kona nyingine, nikapiga nondo ardhini, ikanirudi na kuniumiza kiganja.

"Rola la kushindilia mmelitoa wapi?" nikamuuliza msimamizi wa ujenzi. Alikuwa mtu wa ziwani, kutoka vijiji vya kule rasini, mpole, mwenye kucheka kwa aibu.

"Rola huwaga linakufa kila siku, bosi. Tumetumia ng'ombe. Ng'ombe za hapahapa kijijini."

Nikacheka kwa furaha kabisa. Nimezaliwa kwa wafugaji, njia hiyo naijua. Wazee wetu wakitaka lambo la kunyweshea mifugo huchimba, humwaga udongo wa kichuguu, hulowesha, kisha huswaga ng'ombe wazunguke humo ndani siku baada ya siku. Kwato zinakandamiza udongo kwa namna ambayo mashine nyingi haziwezi. Nikamsifu yule msimamizi mbele ya vibarua wake, jambo ambalo silifanyi. Nikamuuliza kama watu walikubali kirahisi kuleta mifugo yao.

"Walikuja wengi, mpaka wengine tukawarudisha," akasema. "Tuliwapa soda na mandazi."

Nilipaswa kushtuka pale. Nikaandika kwamba sakafu inakidhi, nikamwambia dereva anishushe nyumbani nilale, anifuate Jumatatu.

Uani kwa baba kulikuwa na watu. Majirani walikuwa wamekaa kwenye viti na magogo, mama anagawa togwa, na nilipoingia wanawake wakapiga vigelegele. Nilidhani kuna posa. Jirani yetu mmoja, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, akaja kunishika mikono yote miwili, akanipa kuku.

"Umetukumbuka, mwanangu," akasema. "Kiangazi kikija hatuteremki tena mpaka mtoni. Na huyu wangu mmoja naye amekanyaga. Alizungushwa mpaka nikamwonea huruma."

Hapo ndipo nilipoelewa, na uso ukaniwaka. Kwetu, mtu akileta ng'ombe wake kukanyaga lambo, amepata haki ya kunywesha pale, yeye na watoto wake. Hakuna anayelitamka hilo. Kumuuliza mwenye lambo kama utaruhusiwa kunywesha, wakati ng'ombe wako ndio waliolikanyaga, ni kumtukana. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Na yule msimamizi, mtu wa samaki na nyavu, alikuwa ameona tu kwamba wafugaji wanajua kushindilia udongo. Akaomba msaada, akatoa soda, akaona wamemalizana. Kijiji kizima kilikuwa kimejenga bwawa la sumu kikidhani kinajenga lambo.

Nikasimama na yule kuku, nimemshika miguu. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi, na alikuwa anawasimulia wageni kwa mara nyingine jinsi ilivyokuwa mwanzo, wengine walipositasita.

"Hawa walisema watu wa dhahabu hawaaminiki," akasema akicheka. "Nikawaambia, mwanangu ndiye anakagua pale. Kingekuwa kitu kibaya si angeniambia?"

Watu wakaitikia kwamba ndiyo, angemwambia. Nikaenda jikoni kumfunga kuku, nikakaa huko kwa mama muda mrefu nikijifanya napuliza moto.

Walipoondoka nilimfuata baba zizini. Alikuwa anamtoa kupe ng'ombe shingoni. Mimi nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni ananiita mama.

"Baba, lile si lambo."

"Ni nini, mama?"

"Ni la kuwekea tope la dhahabu. Lina sumu. Ng'ombe akinywa pale hafiki hapa."

Aliendelea na kupe wake. "Wewe siku ile ulikuja na gari, ulikuwa unajua?"

"Nilijua bwawa. Habari ya ng'ombe sikuijua mpaka leo."

"Hukupita hapa."

"Sikupita."

"Ungepita ningekuuliza," akasema. Hakupandisha sauti. Nilitamani afoke, mimi ni mtu wa kufoka, najua jinsi kunavyosafisha hewa. Yeye akanawa mikono, akaniambia kwamba kesho baada ya misa nitasimama nje ya kanisa niwaambie watu mwenyewe, na yeye atasimama nami.

Tulifanya hivyo. Nilieleza kila kitu, na kadiri nilivyoona aibu ndivyo nilivyozidi kuongea kiofisi, viwango na mkondo wa maji chini ya ardhi na uzio, hadi katekista akakohoa. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe zetu zilikuwa rola?" Nikasema ndiyo. Kukawa na kicheko kidogo, kile cha watu waliojua wamefanywa wajinga. Kisha jirani yetu wa karibu akamgeukia baba, wala hakunitazama mimi.

"Mzee, si wewe ulituambia?"

"Ni mimi," baba akasema.

Angeweza kuninyooshea kidole, na angekuwa na haki. Watu walitawanyika polepole kwa makundi, na nilimfuata yule mjane kumwambia nitamrudishia kuku wake. Akasema kuku akishampa mtu hamchukui tena, na akaenda zake.

Jumatatu nilimaliza hasira zangu zote kwa msimamizi. Nilimfokea mpaka vibarua wakaacha koleo. Alikuwa ameshangaa kwelikweli. "Lakini si tuliwapa soda?" akawa anarudia, na nikaona kwamba hadanganyi, jambo lililonikera zaidi kuliko kama angekuwa mwongo. Nikasimamisha ujenzi. Nikaagiza mkutano wa kijiji, uzio imara kuzunguka bwawa lote, na birika la kunyweshea mifugo mahali pengine, kwa gharama ya mwenye mtambo. Mwenyewe, nilipompigia simu, alikubali yote bila ubishi. Nilirudi Musoma nikijiona angalau nimewatetea watu wetu.

Ila mvua haikusubiri mkutano wangu. Ilinyesha wakati kazi imesimama, uzio haujajengwa, na ile sakafu niliyoisifu ikahifadhi kila tone. Shimo likajaa maji safi. Wakati ule hayakuwa na sumu yoyote, na watu walijua hivyo, kwa hiyo walinywesha humo masika yote wakisema angalau wapate jasho lao. Baba aliwakataza ng'ombe wake wiki za mwanzo, kisha wakachanganyika na wa wenzake malishoni na hakuweza kuwatenga. Mkutano ulipofanyika na kazi ikaruhusiwa kuendelea, maji yakavutwa nje kwa pampu, plastiki ikatandikwa, uzio ukasimamishwa na kibao cha fuvu la kichwa kikatundikwa. Ng'ombe hawahudhurii mikutano. Wao walikuwa wameshajua kwamba pale kuna maji, na walijua kwa sababu mimi ndiye niliyesimamisha ujenzi lile shimo likiwa wazi.

Birika lilijengwa pia, na kisima chake kikachimbwa. Kilitoa maji vizuri hadi kiangazi kilipokolea.

Mama ndiye aliyekuwa akinipa habari za baba kwa simu, maana baba mwenyewe aliniuliza tu kama ninakula na kama Musoma kuna joto. Zamani, kukiwa na kikao cha mahari, ukoo ulimweka baba awe msemaji. Wageni walimsikiliza na neno lake lilichukuliwa. Mwaka ule walimwalika kula. Mwingine aliongea, yeye akakaa upande wa watoto wa mjomba akashika sahani yake. Mama alisema baba hakulalamika, alisema nyama ilikuwa laini. Kwenye mnada wa ng'ombe Bunda, mtu alimtania mbele za watu kwamba ng'ombe zake anaziuza au anakodisha kwa mandazi. Akacheka nao. Mama aliniambia hivyo kisha akaniuliza kama nipo. Nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya ofisi na nilikuwa nalia, lakini nilimwambia mtandao unasumbua.

Nilipaswa kwenda kumwomba radhi, uso kwa uso. Kila mwisho wa mwezi nilipanga hivyo.

Nilirudi pale kikazi, katikati ya kiangazi, mtambo ukiwa umeshaanza. Msimamizi wa ziwani alikuwa amehamia kazi nyingine. Aliyenipokea alikuwa meneja mpya, mtu wa mbali, na walinzi wageni vilevile. Hakuna aliyejua mimi ni mtoto wa nani. Tukatembea juu ya tuta tumevaa kofia ngumu. Tope la kijivu lilikuwa linatiririka ndani kupitia bomba, na katikati maji yalikuwa yametulia, mazuri kuyatazama. Nilikagua viungio vya plastiki, nikapima maji ya visima vya uchunguzi vilivyoko bondeni. Hakuna kilichovuja. Ni bwawa bora kuliko yote niliyowahi kukagua, na niliandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Upande wa chini, ng'ombe walikuwa wamebanana kwenye uzio wakilia. Waya ulikuwa umepinda walipouegemea. Mtu mmoja alikuwa anahangaika kuwaondoa kwa fimbo, akiwageuza huku, wanarudi kule.

"Mzee, kila siku wewe!" mlinzi akapaza sauti. "Tumeshakukatazaga!"

"Huyu mzee anatusumbua sana," meneja akaniambia. "Ng'ombe za wenzake siku hizi zinazuiwa na wenyewe, zake ndiyo hazisikii. Zikivunja hapo zikafa, atasema sisi. Hebu kamsemeshe wewe mwenyewe, mtu wa serikali atamsikia."

Nikateremka. Meneja na walinzi wakanifuata nyuma, wakasimama karibu ya kutosha kusikia. Baba aliniona nikiwa bado mbali na akaacha kuswaga. Alikuwa amekonda. Aliwatazama wale watu nyuma yangu, akatazama kofia yangu, na nikaona anafikiri jambo upesi kwa ajili yangu, jinsi alivyofanya pale nje ya kanisa. Mkaguzi ambaye baba yake ndiye msumbufu wa uzio angekuwa na maelezo mengi ya kutoa Musoma. Akavua kofia yake ya pama, akaishika kifuani.

"Habari ya kazi, mheshimiwa," akasema.

Kati yetu kulikuwa na waya tu. Shikamoo yangu ilikuwa mdomoni, ile ninayompa tangu nilipoanza kusema, na nyuma yangu nilisikia meneja akipangusa viatu kwenye majani.

"Nzuri, mzee," nikamjibu.