Magunia Matatu ya Omena

Katikati ya miaka ya tisini nilifika kisiwa cha Rusinga nikiwa na begi moja na maswali mengi. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Mjane mmoja Msabato, muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, alinipa kibanda cha kulala, nami nikawa namsaidia kuanika. Kwetu ni Kehancha, Kijaluo sikukijua, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Wanawake wa ufuoni walinitania: "Wee Mkuria, huku ng'ombe hakuna!"

Mama yule alikuwa na sharti moja. Jua la Ijumaa likizama, hakuna kazi bomani kwake hadi Jumamosi jioni. Niliuliza kwa nini, nikauliza tena.

"Mungu mwenyewe alipumzika," alisema. "Wewe umechoka kidogo kuliko yeye?"

Ijumaa moja mawingu yalitanda mchana kutwa. Jua lilizama omena hazijakauka, akaziacha juu ya nyavu kuukuu. Jumapili mnunuzi angekuja kutoka Homa Bay, na mzigo huo ndio ungemnunulia mabati kabla ya masika. Nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza.

Kesho yake, tukiwa kanisani, niliona wingu jeusi dirishani. Miguu ikaniwasha. Nilitoka mbio hadi nyumbani, nikazoa omena zote, nikazijaza kwenye magunia matatu, nikayafunga na kuyaingiza ndani. Kisha nikakaa juu yake nikijiona shujaa.

Mvua haikunyesha. Wingu lilipitia ziwani, jua likawaka. Mama aliporudi alizitazama nyavu tupu.

"Omena ziko wapi?"

"Nimeziokoa na mvua, mama."

"Mvua gani?"

Nikainuka nizianike tena.

"Kaa chini, wuoda. Leo umefanya kazi ya kutosha."

Wuoda ni mwanangu. Hakuwa amewahi kuniita hivyo, na ilinichoma kuliko tusi.

Jua lilipozama akafungua gunia la kwanza. Ukatoka mvuke wenye harufu. Omena ambayo haijakauka ukiifungia inajipika yenyewe. Mtoto yeyote wa pale angeniambia. Jumapili mnunuzi alitia mkono guniani, akaunusa. "Hizi ni za kuku," akasema. Habari ya mabati ikaishia hapo.

Nikafunga begi. Ndiyo ilikuwa desturi yangu: nikiharibu, naondoka.

"Unaenda wapi?"

"Osiri. Nasikia kuna dhahabu."

"Dhahabu itakungoja. Kaa nami Sabato moja, ukae kweli, halafu uende."

Sijui kwa nini nilikubali. Jumamosi iliyofuata tulitoka kanisani, tukala chakula kilichopikwa Ijumaa, tukakaa. Nilihesabu kuku. Nilihesabu fito za ukuta. Halafu mvua ikaja, ya kweli safari hii, na nyasi zile mbovu zikaanza kunidondoshea maji shingoni. Sikuinuka. Nilikaza meno, maji yakiteremka mgongoni, nikifikiria mabati ambayo yangekuwa pale juu.

Mama alinitazama, akacheka hadi akafuta macho.

"Sogea, wuoda," alisema. "Kusogea si kazi."