Gitaa Nililolitundika Juu ya Meko

Gitaa la mwanangu nililipasua mimi. Nalisema hapa mwanzoni kwa sababu wakati ule nilichukua siku nne nzima kulisema, na siku nne hizo zinaniuma mpaka leo kuliko goti langu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikaa nje kidogo ya mji wa Migori na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Mwanangu alikuwa ameshatangulia. Aliacha koti, redio isiyosema, na gitaa la mti la rangi ya asali, limechakaa pale mkono wake ulipokuwa unapita. Koti lilichukuliwa, redio ikachukuliwa. Gitaa nikasema hapana, hili ni la huyu mtoto. Alianza akiwa na miaka tisa, kidole kimoja kimoja, mpaka majirani wakaomba tuwahurumie. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa akipigia kwaya ya vijana wa kanisa letu, msichana peke yake katikati ya wapigaji wavulana, na hakuna aliyemfikia. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Ni wangu, lakini pia ni kweli.

Alikuwa shule ya bweni. Kila akiondoka ananiachia maagizo kama mkubwa wangu. "Dani," ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita bibi, "Dani, usiliache karibu na ukuta. Mchwa."

Muhula ule mchwa walipanda ukutani wakala mguu wa kitanda chake. Nikashika kiuno, nikafikiri. Ni kitu gani ndani ya boma hili mchwa na fukusi hawajawahi kukigusa? Mbegu. Mahindi ya mbegu tunayafunga kwa maganda yake, tunayatundika juu ya meko, moshi unayapiga msimu mzima hadi yanakuwa meusi kama sufuria, na ukiyapanda yanaota yote. Basi nikapanda kwenye kiti nikalitundika gitaa palepale, katikati ya mahindi, kwa kamba ya katani. Nilijisifu sana. Miezi mitatu nilipika chini yake: ugali, omena, wale dagaa wetu wa ziwani, chai, maharage yale yanayomaliza kuni tangu asubuhi. Nilikuwa nikikoroga sufuria namwambia mwanangu, unaona, ninakutunzia.

Shule zilipofungwa nililishusha, nikalipangusa masizi kwa kitambaa chenye mafuta, likang'aa. Nikalifunga kwa leso na kulilaza kitandani kwa mtoto.

Kesho yake alilifunga nyuma ya baiskeli akaenda mazoezini. Kwaya ilikuwa imealikwa Homa Bay Jumamosi ile, kwenye mkutano wa makanisa, na wangeimba wimbo aliotunga yeye. Wa kwanza kutunga. Alirudi kwa miguu akisukuma baiskeli.

"Dani, nimeliua."

Aliifungua leso. Uso wa gitaa ulikuwa umepasuka kutoka kwenye lile tundu la katikati hadi ukingoni, na kile kibao kinachoshika nyuzi kilikuwa kimebanduka nusu. "Niliingia kwenye shimo pale kwa daraja," akasema. "Nilikuwa naenda mbio. Ni mimi."

Mimi nikainama nikatazama ule ufa. Ndani yake mlikuwa na masizi; nilipolipangusa ulikuwa mwembamba kama unywele, sikuuona. Shimo la barabarani halina masizi. Nilijua saa ile ile. Kisha nikafungua mdomo nikasema, "Barabara hiyo ni mbaya, nyakwara, mjukuu wangu." Na ni mbaya kweli, lakini huo ulikuwa uongo, na alilia akiwa ameubeba uongo wangu begani mwake.

Siku ya pili mtoto wa kaka yangu akatutembelea. Huyu alikuwa mpigaji gitaa wa mahoteli na meli, mtu wa kuzunguka dunia, na safari hii alikuja na gitaa jeusi tii. Nilidhani limepakwa rangi.

"Hapana, Waya," akasema. Waya ni shangazi. "Halina mti hata kidogo. Ni nyuzi nyembamba za kaboni, zinasukwa kama kitambaa, zinashikwa na gundi, zinapikwa kwenye joko."

"Kaboni ndiyo nini?"

"Ndugu yake makaa."

"Basi umetoka ng'ambo kuniletea makaa? Kaa kwangu nitakupa gunia."

Alicheka, akalichukua mpaka kwenye jiwe la kufulia, akalimwagia maji kwa kata. Nilipiga kelele. Akalipangusa kwa shati, akapiga, likalia vilevile. Akaniambia amezika magitaa matatu ya mti katika safari zake. Moja lilipasuka kwa baridi kavu ya ng'ambo, moja lilivimba Mombasa hadi nyuzi zikasimama juu, moja lilitupwa na wapakiaji wa ndege akalipokea likiwa kuni. "Mti haukomi kunywa maji na kuyatoa, Waya. Hili halinywi. Liache kwenye gari juani, liamke kwenye ukungu, halijali."

"Halivunjiki?"

"Ukilipiga kwa shoka litavunjika. Na likivunjika hapa Migori hakuna fundi wa kulitengeneza. La mti, seremala yeyote mwenye akili atalijaribu."

Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Akamwambia mtoto, "Chukua hili uende nalo Homa Bay. Nitalipata mkirudi." Mtoto akaficha mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa sukari.

"Hapana, Anko. Nimevunja la baba, nitavunja na lako."

"Hili huwezi."

"Mimi naweza," akasema, akaingia ndani. Hakugusa gitaa siku ile wala iliyofuata. Mwalimu wa kwaya akaja kumbembeleza. Mtoto akamwambia amtafute mvulana mmoja apige, na wimbo wauimbe bila yeye.

Mtoto wa kaka yangu akaliomba lile gitaa la mti alitazame. Akaligeuza, akaweka pua kwenye tundu, akavuta hewa. Nyumba yetu yote ilinuka moshi, sisi hatukuusikia tena. Yeye aliusikia.

"Waya. Hili lilikuwa limekaa jikoni?"

Nikaendelea kuchambua omena.

"Ufa huu si wa juzi. Ungekuwa wa juzi ungekuwa mweupe ndani." Akalilaza taratibu. "Nitalipeleka kwa seremala alipige gundi na kibanzi kwa ndani. Litasema tena, ila safari basi. Na hayo mengine," akasema akitazama upande, "hayo si kazi ya seremala."

Mtoto mdogo kabisa kwa kaka yangu, nilimfuta kamasi huyu, na sasa ananiinamishia macho kwa adabu ili nisiaibike. Hapo ndipo nilipoaibika vizuri.

Ijumaa asubuhi mtoto alikuwa akipepeta mtama nje ya jikoni. Nikamwambia, "Weka ungo chini."

"Kuna nini, Dani?"

"Baiskeli haikufanya kitu. Wewe hukufanya kitu. Nililitundika juu ya meko muhula mzima, mchwa wasilile. Lilikauka likapasuka kabla hujaligusa. Niliona siku ile ile, nikanyamaza."

Alitazama mlango wa jikoni, akatazama juu kwenye boriti, akanirudia.

"Pamoja na mahindi?"

"Pamoja na mahindi."

"Dani. Ulitaka kulipanda?"

Nikacheka, na yeye akacheka, kisha kicheko chake kikageuka katikati ya njia. "Siku nne! Nimelia siku nne, unanipikia uji, unaniangalia!"

"Ndiyo," nikasema. "Mikono yako haina kosa. Mikono yako ni ya baba yako. Yenye kosa ni hii." Nikamwonyesha yangu, yenye magamba ya omena.

Akaondoka amekasirika, na alikuwa na haki. Nikabaki na ungo wake. Baada ya muda nikasikia nyuma ya nyumba gitaa jeusi likijaribiwa, kwanza kwa woga, halafu likipigwa kwa hasira. Nikapepeta mtama ule hadi ukaisha.

Jumamosi tulikwenda kwa pikapu ya kanisa, mimi mbele na dereva kwa sababu ya goti, kwaya nyuma na gitaa jeusi ndani ya mfuko wake, limefungwa juu ya viti. Tulipofika Rongo mvua ikatupiga, na kwenye tuta moja ngoma kubwa ikaruka ikaangukia gitaa. Wasichana walipiga mayowe. Mjukuu wangu hakupiga. Homa Bay jua lilikuwa kali na ziwa linatoa mvuke. Ngoma yetu ilikuwa imelegea, wakaenda kuiotesha moto. Kijana wa kwaya ya wenyeji alikuwa akikaza nyuzi za gitaa lake la mti, akikaza tena, akilitukana polepole kwa kuwa mchungaji alikuwa karibu. Wangu alimwaga maji kutoka kwenye mfuko, akalipangusa, akagusa nyuzi mbili tu, akasimama.

Sauti ya lile jeusi ni safi, safi mno, kama sahani iliyooshwa. La mti lina kifua. Masikio yangu yalilitafuta lile la mwanangu ndani ya wimbo wote na hayakulipata. Lakini vidole nilivipata. Alivipeleka vilevile kama baba yake, akiinamisha shingo vilevile, na mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Huyu ni wa nani?" Nikasema kwa sauti ya kufika nyuma, "Ni wangu."

Walipomaliza alishuka moja kwa moja hadi nilipokaa. Tangu jana alikuwa ananisalimu tu. Akaliweka gitaa mapajani mwangu, mbele ya akina mama wote.

"Nishikie, Dani," akasema. "Hili hata wewe hutaliweza."

Akina mama wakacheka bila kujua wanacheka nini. Yeye akaenda na wenzake kula samaki, nami nikakaa nimelikumbatia kwa mikono miwili, zito kuliko nilivyofikiri, na sikumruhusu mtu mwingine aliguse mpaka aliporudi.