Mawe Mekundu Nyuma ya Shamba

Babu yetu, mjomba wa marehemu mama, alikuwa na sheria moja shambani: mguu wako uingie palipotoka mguu wake. Alitangulia na maloda begani, lile jembe letu la mpini mrefu, amelibeba kama bunduki. Mdogo wangu wa kike alimfuata. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu mkubwa hukaa nyuma awaone wote.

"Wewe unatembea kama bata," babu alimwambia mdogo wangu. "Bata haingii jeshini."

"Na wewe, Babu, unatembea kama mtu aliyeiba kuku."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Tulikuwa tumerudi Juba kutoka Uganda baada ya kumzika mama. Baba alishatangulia zamani. Siku babu alipotupokea nyumbani kwake Kator nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilielewa bila kuambiwa kwamba mimi na shule tumeachana. Mdogo wangu angesoma, mimi ningelima. Shamba lilikuwa ng'ambo ya mto: mihogo, ufuta, na kudra, mboga ya majani ambayo watu wa hapa hawaichoki.

Babu aliingia msituni kupigana akiwa kijana, akatoka na mvi. Vita hakuvisimulia. Lakini nyuma ya shamba kulikuwa na kipande ambacho watu wa kutegua mabomu hawakukimaliza. Mvua zilianza, wakaondoka wakisema watarudi kumaliza, wakaacha mstari wa mawe mekundu. Upande huu wa mawe mekundu unalima. Upande ule huweki mguu. Mawe meupe yalipangwa kando ya njia, na maana yake ni pita. Jua na mvua vilikula rangi, basi kila kiangazi kikikaribia kwisha babu aliyapaka upya yote, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Brashi hakumwachia mtu.

Shamba lile nililiogopa kila siku niliyoingia. Nilipalilia nimekaza meno. Jembe likigonga kokoto, naliinua polepole. Sikumwambia mtu, maana tungekula nini?

Kisha macho ya babu yakaanza kufifia. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Asubuhi moja alilisalimia koti lake mwenyewe, lililotundikwa mlangoni, akalisubiri limjibu.

"Babu, twende hospitali wakutazame macho."

"Macho iko," alinijibu kwa Kiswahili chake cha kambini. "Nzi akipita kule mtaa wa Buluk, mimi naona nikiwa hapa."

Niliogopa kumbishia mzee. Kiangazi kile nilimwacha aende na makopo yake mawili ya rangi, peke yake, kama miaka yote.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Ijumaa. Jumamosi asubuhi tulivuka daraja watatu. Nilisimama kwenye mihogo na babu, na mdogo wangu akaenda kuchuma kudra. Muda si mrefu akaniita kwa furaha.

"Dada, wamekuja kumaliza huku nyuma. Mawe yote ni meupe."

Nikainua macho. Alikuwa amesimama katikati ya kudra iliyojiotea yenyewe, hatua kumi hivi kupita mstari. Hakuna mtu aliyekuja kumaliza chochote. Chini ya mhogo kulikuwa na kopo la rangi nyekundu, kifuniko chake hakijafunguliwa.

"Simama hapohapo," nikamwambia. Sauti haikuwa yangu. "Usisogee."

Nikamgeukia babu. "Mawe ya nyuma uliyapaka rangi gani?"

"Nyekundu. Ungetaka rangi gani?" Akageuza uso kule nyuma. "Yakoje?"

"Meupe, Babu."

Maloda ikamponyoka. Akaanza kwenda, mikono mbele, nami nikamshika shati.

"Niache. Nitamtoa."

"Huoni, Babu." Sikuwahi kumwambia hivyo. "Niambie mimi, nitamwambia yeye."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema kwa utulivu, kama anayeagiza chumvi, "Udongo ni mbichi. Alama zake zipo. Asigeuze mwili, ageuze shingo tu. Arudi kinyumenyume, mguu ndani ya alama." Akapaza sauti. "Bata, leo utaingia jeshini."

Mdogo wangu hakucheka. Aliweka mguu, akaweka wa pili. Nilimhesabia babu kila hatua, bado nimeshika shati lake, na shati lilikuwa limelowa jasho. Katika hatua ya sita mdogo wangu akasimama, mguu mmoja juu.

"Dada, siioni. Majani yameifunika."

Nikamrudishia babu maneno yale.

"Alama aliyosimamia na ile ya mbele ya iliyofichwa, zote anaziona?" babu akauliza.

"Anaziona."

"Basi iliyofichwa iko katikati. Miaka mitatu nimesikia miguu yake nyuma yangu. Hatua zake ni fupi, ni sawasawa, hazibadiliki. Mwambie aweke katikati."

Aliweka. Mimi nilifumba macho. Nilipoyafumbua bado alikuwa amesimama, na akaendelea mpaka nikamkamata mkono na kumvuta kati yetu. Hakulia. Aliyelia ni babu.

Siku hiyohiyo alinipa brashi. Hakuvuka daraja tena mpaka tulipomzika.

Waliosema watarudi kumaliza bado hawajarudi. Mdogo wangu sasa anasoma chuo, lakini kila kiangazi kikikaribia kwisha namwomba anipe Jumamosi moja. Napaka mawe, halafu nasimama naye kwenye mstari anitajie rangi, jiwe moja moja. Macho yangu ni mazima. Hata hivyo, akifika mwisho, namwambia aanze tena.