Reli ya Upana wa Kiberiti

Mtu akiwasha kiberiti karibu nami, ule moshi mkali wa mwanzo ukanipanda puani, sikumbuki jiko wala mshumaa. Nakumbuka stoo ya mahindi ya nyumbani kwetu Tunduma, ikiwa tupu, vumbi la pumba likielea kwenye mwanga wa dirisha, na mimi nimepiga magoti juu ya mbao za baba nikiwa na viberiti vitatu nilivyovichukua jikoni bila ruhusa. Njiti nilizimwaga kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Nilichokitaka ni boksi lenyewe, maana hilo ndilo lililokuwa rula yangu. Mama alikuwa akizunguka jikoni akiuliza hii nyumba ina panya wa namna gani wanaokula viberiti, na mimi nikiendelea kupima.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa mtoto wa kujiona, nisiseme uongo. Nilishapanda treni mara moja tu maishani, kutoka Tunduma hadi Vwawa, safari ambayo haikunitosha hata kumaliza muwa wangu, lakini niliporudi nilimtangazia kila mtu mtaani kwamba nitajenga reli. Wenzangu walitengeneza maroli ya waya, kwa sababu maroli ndiyo tuliyoyaona kutwa nzima yakiwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Mimi roli nililidharau. Roli linakwenda anakotaka dereva. Treni ina njia yake, na hiyo njia lazima mtu aijenge kwanza. Hilo la kujenga ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilianza mwezi wa pili, mahindi bado yako shambani, na ndani ya stoo hamna kitu isipokuwa mbao nne ndefu alizonunua baba ajengee banda la kuku. Nilizilaza mbili mbili kutoka mlangoni hadi dirishani. Reli nilizipata kwenye ile mikanda myembamba ya chuma ya kufungia mizigo, ambayo kule mpakani ilitupwa ovyo kila mahali. Niliinyoosha kwa nyundo nikaisimamisha kwa ubavu. Mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli, nilikata kwenye mianzi. Kila taruma nililichanja sehemu mbili kwa kipande cha msumeno, na kati ya chanjo na chanjo palikuwa na urefu wa kiberiti kimoja. Hapo hapakuwa na mchezo. Reli zikiachana kidogo tu, magurudumu yanatumbukia. Zikikaribiana, yanapanda juu na treni inalala chali. Magurudumu yenyewe yalikuwa vizibo vya soda. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la samaki lenye mota niliyoichomoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa, na behewa lilikuwa kopo jingine lililokatwa juu. Kila siku nikitoka shule niliongeza kitu. Nusu ya kibuyu ikawa handaki. Maganda ya kahawa kutoka kwa ndugu zetu wa Mbozi niliyakoroga na uji wa ngano nikapata mlima, ambao ulinuka wiki nzima. Wiki ya kwanza treni ilikwenda pua na mdomo ikaanguka. Wiki ya tatu ilifika handakini ikakwama humo. Wiki ya nne ikatokea upande wa pili, nikapiga yowe mpaka kuku wakatawanyika uani.

Chileshe alinikuta katika hali hiyo ya majivuno. Alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba anayekaa Nakonde, upande wa Zambia, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka kwetu. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja, mpole wa sura, mkaidi wa moyo. Aliizunguka kazi yangu yote mikono nyuma, nami nikamwambia kwa ukarimu mkubwa kwamba nitampa kazi ya ufundi msaidizi. "Awe," akasema, yaani hapana kwa lugha ya kwao. "Wewe jenga Tanzania. Mimi nitajenga Zambia." Tulibishana weee, mwisho tukakubaliana. Mbao mbili za upande wa mlangoni zingekuwa zangu, kutoka Vwawa hadi Tunduma, na zile mbili za upande wa dirishani zingemsubiri yeye. Angetengeneza reli yake kwao, aje nayo Pasaka tuziunge. Upana? Urefu wa kiberiti kimoja. Tulipeana mikono kama wazee.

Kumbe baba naye alikuwa na hesabu zake. Jumapili moja aliingia stoo na nyundo na misumari, akatazama chini, akaona mlima wa maganda ya kahawa umekaa juu ya banda lake. "Neema! Kuku wangu wanalala jikoni kwa sababu ya kopo la samaki?" Nilijitupa juu ya reli kwa tumbo na nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na sikuwa naigiza. Kazi ya miezi miwili, jamani! Mama ndiye aliyekuja kuamua. Mama alikuwa akifanya biashara ya mchele na watu wa ng'ambo, na alizoea kuwasikiliza watu wawili wanaopiga kelele kwa pamoja. Akasema Jumatatu ya Pasaka ataleta yai moja. Yai likiondoka mlangoni likafika dirishani kwa treni bila kupata ufa, mbao ni za Neema. Likivunjika, au likishindwa kufika, siku hiyo hiyo baba anagongelea banda. Baba alicheka akakubali, kwa sababu alishaiona treni yangu inavyotembea.

Jumamosi ya Pasaka Chileshe alifika na reli yake imefungwa nyuma ya baiskeli, vipande vitano vilivyofunikwa kwa kitenge cha mama yake. Alikuja pia na treni yake aliyoijaribia, ambayo haikuwa na mota bali mpira wa tyubu ya baiskeli uliosokotwa. Lazima niseme ukweli ingawa iliniuma: kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu. Mataruma yake yalikaa sawasawa kama meno ya kitana. Tulizipanga juu ya mbao, tukazisogeza mpaka ncha ya reli yangu ikakutana na ncha ya reli yake. Hazikukutana. Ya kushoto ilishika, ya kulia ilipishana kwa unene wa sarafu mbili. Tukahamisha, ya kulia ikashika, ya kushoto ikapishana. Nikasukuma treni yangu. Ilifika Tunduma, ikapanda reli ya Zambia kwa upande mmoja, ikalala.

"Umepima vibaya, wewe!" nilifoka. Chileshe alitia mkono mfukoni akatoa kiberiti chake, kiberiti cha kwao, akakiweka ubaoni. Nikachukua changu kwa hasira nikakibandika ubavuni mwa chake. Changu kilikuwa kirefu zaidi. Tulivitazama vile viberiti viwili kwa muda mrefu. Viberiti vyote tulivyowahi kuviona vilitutosha kuwasha moto, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kila nchi ina vya kipimo chake. Nilikaa chini nikaanza kulia upya. Tulijaribu kukunja reli, mianzi ikapasuka. Tulijaribu kupanua magurudumu, vizibo vikachomoka. Jumapili kanisani sikusikia neno hata moja la mahubiri; nilikuwa nikipima benchi kwa vidole.

Tukiwa tunarudi kutoka kanisani tulipita kwenye maroli. Vijana wa kupakia walikuwa wakitoa magunia ya mtu kwenye roli la huku na kuyapandisha kwenye gari la upande wa pili, wakipokezana mabegani, wakiimba. Tulikuwa tumeyaona hayo tangu tunazaliwa na hatukuwahi kuyatazama. Chileshe akasimama. "Mchele wa shangazi unavukaje?" akaniuliza. Nilishaanza kukimbia kwenda nyumbani. Mchana kutwa tulijenga jukwaa la kushushia mizigo pale reli zilipokataana, kwa maboksi yote ya viberiti niliyokuwa nimeyaficha, na juu yake tukasimamisha kizuizi cha njiti kinachopanda na kushuka.

Jumatatu mama alikuja na yai kutoka jikoni, la moto moto, kuku alikuwa ndio kwanza ameinuka. Baba alikuja na nyundo yake. Niliweka yai behewani juu ya pamba, nikaunganisha betri. Treni ikatoka mlangoni, ikapita Vwawa, ikazama kibuyuni, na mle ndani ikanyamaza. Halafu ikatokea, ikitikisika, yai likichungulia huku na huku, ikafika Tunduma ikasimama. Nililiinua yai kwa mikono miwili, nikamnyooshea Chileshe. Hakulipokea. Alishusha kizuizi, akanitazama usoni. "Yai hili lina karatasi?" akauliza. Nilimwangalia nikitamani kumzaba kofi. Nikachomoa njiti moja nikampa. Akaichunguza pande zote mbili, akaigonga muhuri kwa kidole gumba, ndipo akalipokea yai, akalilaza kwenye behewa lake na kuachia mpira. Treni ya Zambia ikaondoka kwa kishindo, ikafika dirishani, ikagonga ukuta.

Mama aliliinua yai kwenye mwanga, akaligeuza. Halikuwa na ufa hata kidogo. Baba akasema hapana, hapo treni haikuvuka, hapo mmebeba kwa mikono. "Baba Neema," mama akamwambia, "mimi mchele wangu unavuka hivyo hivyo miaka yote, na kwenye hii nyumba hujawahi kukataa kula." Baba alijaribu kukaza uso akashindwa, alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Hapo ndipo mama alipoinama kulitazama lile jukwaa kwa karibu, akanyanyua boksi moja, jingine, na jingine. "Kumbe panya ni wewe," akasema. Mbao nilibaki nazo mpaka mahindi yalipoingia, ila viberiti nilivilipia kwa kuosha vyombo.

Sasa naishi Vwawa, nina nyumba na chumba kimoja ambacho wageni hawaelewi kwa nini hakina kitanda. Ndani mna meza kubwa yenye reli za kununua, zote upana mmoja, zimetoka kiwandani hivyo. Nimeziboresha mwaka hadi mwaka: taa za stesheni zinawaka, mlima haunuki, na treni inazunguka saa nzima bila kuanguka. Natazama, nafurahi, halafu nachoka mapema, na kwa muda mrefu sikujua kwa nini. Hata mpakani siku hizi mambo ni ya haraka kuliko zamani. Chileshe ana duka lake Nakonde na ana mvi, na pamoja na wepesi wote huo tunaonana mara chache mno kuliko enzi zile za baiskeli.

Pasaka iliyopita alikuja. Nilimwingiza kile chumba kwa majivuno yale yale ya miaka kumi na moja, nikabonyeza kitufe. Treni ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini, bila kelele. Chileshe alisimama mikono nyuma, akaifuata kwa macho, kisha akanigeukia. "Nzuri sana," akasema. "Sasa mimi nafanya nini hapa?"

Nilizima umeme. Nikachomoa kipande kimoja cha reli katikati ya meza, nikakiweka mfukoni, nikaenda jikoni kutafuta yai.