Mguu wa Jinzi Uliojaa Maharagwe

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu moja mia mbili na sitini, nauli ikiwemo, na nimezihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Kwa pesa hizo ningepata kuku wa kienyeji pale soko la Jericho na nibaki na za soda. Badala yake nilipata ndege asiyeliwa, na mto wa kuegemeza kamera.

Yote yalianza na mama. Ana kipande cha ploti kule Njiru, na kaka yake, mjomba wangu, anakaa hapo kwenye chumba cha mabati ili watu wasije wakakiuza mara ya pili. Siku moja mama alimpelekea unga, akarudi akiwa amechangamka kama aliyeokota kitu. Alikuwa amemwona korongo wa taji, yule ndege mrefu mwenye manyoya ya dhahabu yaliyosimama kichwani, akitembea kwenye majani nyuma ya ploti polepole, kama landilodi aliyekuja kuulizia kodi. Ndege huyo mama alimjua utotoni, magharibi, kwenye shamba la baba yake. Tangu aolewe na kuletwa Nairobi hakuwa amemwona tena.

Habari hiyo akaipeleka ikiwa bado moto kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa. Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Dada yangu," mwenyekiti wao alimwambia, "huyo ni ndege wa jalala la Dandora. Siku hiyo alikuwa amevaa kofia tu."

Kuanzia hapo wakamwita Mama Taji. Jina lenyewe halikumuuma. Kilichomuuma alinieleza jioni, akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wakishanizoea kama mwongo wa ndege, baba, siku nikisimama kutoa ushuhuda kanisani nani atanisikia?" Mama huniita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake. "Wewe si unapiga watu picha za harusi? Nipigie huyo ndege."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ninayo lenzi ndefu niliyoinunua ikiwa imetumika, nzito kama pasi ya makaa, ambayo kwenye harusi huwa naibeba ili nionekane ghali. Nikaenda Njiru, nikasimama ukingoni mwa ploti. Ndege alikuwepo kweli, mbali, ng'ambo ya dimbwi. Nikapiga. Lakini lenzi ndefu ikikuza ndege hukuza na mtetemeko wa mikono, na mikono yangu ilikuwa haijanywa chai. Picha ile mama aliionyesha kikundini kwa simu.

"Huu ni mwavuli," mmoja akasema.

"Si mwavuli," mwingine akamtetea mama. "Ni mwavuli umefungwa."

Ikawa vibaya kuliko mwanzo. Mama akaomba apewe mpaka Jumapili ya mkutano uliofuata. Nami nikaelewa kwamba tatizo halikuwa macho wala kamera, ni kwamba sikuwa na kitu kitulivu cha kuegemea.

Stendi yangu ya miguu mitatu hufanya kazi vizuri kando ya keki. Kwenye udongo mweusi wa Njiru, baada ya mvua, mguu mmoja ulizama, wa pili ukaufuata, wa tatu ukabaki juu ukishangaa. Mjomba alikuwa anatazama kutoka mlangoni. Ujanani, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, aliwabebea mizigo wawindaji, na kwa jinsi anavyosimulia, wao ndio walikuwa wanambebea yeye.

"Wenye bunduki hawakutumia hayo mabomba yako," akasema. "Fimbo tatu. Unazifunga karibu na juu kwa mpira wa tyubu, unazifungua chini kama kigoda, bunduki inalala katikati. Nyati anaanguka."

Fimbo nzuri, zilizonyooka, ziko kwa wauza mbuzi wa Kiamaiko. Niliyemkuta alikuwa nazo mkono mzima.

"Nunua mbuzi, fimbo nikupe bure," akaniambia.

"Na nikinunua fimbo tatu, mbuzi utanipa?"

"Wewe? Wewe ungetaka na kamba yake."

Tulielewana kwa mia na hamsini, zote tatu, na kamba akanipa pia, niondoke. Mjomba akazifunga, akapiga goti, akalenga bunduki isiyokuwepo, "Tuu!" Nyati asiyekuwepo akaanguka. Mimi nikaweka lenzi yangu. Kumbe bunduki inahitaji utulivu wa nukta moja tu. Mimi nilitakiwa kungoja ndege ainue kichwa ili taji lionekane, na korongo akianza kula hana haraka na mtu. Kila nilipopumua fimbo zilipumua nami. Tukapata mwavuli mwingine.

Ndipo nikakumbuka mpiga picha mmoja niliyekutana naye harusini, aliyelaza kamera juu ya boneti ya gari kwenye mfuko wa maharagwe. Nikanunua suruali ya jinzi ya mtumba, fundi wa Jericho akakata mguu mmoja, akashona upande mmoja na kuacha mdomo wa kujazia. Nikaupeleka kwa mama mboga. Hapo sasa ndipo tulipokosea, na kosa letu lilikuwa la malezi.

Sisi tumekua na gorogoro. Kwetu mkebe ule wa kupimia nafaka haujai ukifika ukingoni. Unajaa ukiwa na mlima juu, na muuzaji akitikisa, kisha akiongeza, na wewe ukilalamika, akaongeza tena. Mtu anayeondoka sokoni na mfuko uliolegea ameibiwa. Kwa hiyo nilisimama pale kama askari.

"Customer, hiyo imejaa," mama mboga akasema.

"Tikisa."

"Nimetikisa."

"Gonga chini. Ona, imeshuka. Ongeza."

"Unanunua maharagwe ama unazika mtu?"

Akaongeza. Mama, aliyekuja kushuhudia, akaubonyeza mguu kwa dole gumba, ukakataa kubonyea, akatabasamu kwa fahari. Fundi akashona mdomo.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Njiru sote watatu, mama akiwa na kigoda chake na leso ya kanisani, maana ukienda kusafisha jina unajifunga vizuri. Ndege alikuwepo, na safari hii na mwenzake. Nikauweka mto juu ya rundo la mawe ya msingi, nikalaza lenzi. Ikabingirika kushoto. Nikairudisha, ikabingirika kulia. Mjomba akaugonga mto kwa kidole, ukalia ko, ko.

"Mpwa wangu," akasema, "umeshona jiwe ukalivalisha suruali. Kitu cha kuegemea kinatakiwa kilale chini ya bunduki kama godoro. Hiki hakina pa kwenda. Toa maharagwe."

"Kiasi gani?"

"Theluthi."

Theluthi! Nilimwangalia mama kuomba msaada. Mimi ni mtu niliyepigania kila punje ya yale maharagwe. Ng'ambo ya dimbwi ndege mmoja akapiga mabawa mara moja, kama anayejaribu koti kabla ya kutoka.

"Mwaga," mama akanong'ona.

"Mama, ni maharagwe ya—"

"Baba, mwaga!"

Nikakata uzi kwa meno. Maharagwe yakashuka kati ya mawe yakicheka. Mama akaubana mdomo wa mto kwa pini ya leso yake. Nikaulaza tena, nao ukalegea, ukatandaza tumbo juu ya mawe, na lenzi ikazama ndani yake taratibu hadi ikatulia. Sikuwahi kuona ndege amesimama kimya kiasi hicho. Nikatoa pumzi, nikangoja. Akainua kichwa. Jua la asubuhi likapita katikati ya lile taji, unyoya kwa unyoya, nikabonyeza.

Mama akaitazama kwenye kioo cha kamera. Alianza kucheza. Peke yake, kwenye matope, mabega yakipanda na kushuka, mjomba akimpigia makofi na mimi nikiokota maharagwe.

Jumapili mwenyekiti aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza juu, akaisogeza chini, akitafuta mwavuli. "Ni taji kweli," akasema mwishowe. "Mama, tusamehe." Kisha akaniuliza nitamtolea nakala ya sebuleni kwa bei gani. Bei nilikuwa nayo tayari mdomoni.

"Hawezi kukuuzia," mama akadakia. "Ataitoa kubwa, aitie fremu, aje aitundike mwenyewe." Makofi.

Tukirudi nyumbani nikamwambia fremu ni pesa.

"Najua," akasema. "Lakini kila mgeni atakayeingia kwake atauliza huyo ndege ni wa wapi, na itabidi yeye ndiye aseme."

Sasa mafundi wa fremu wananiitisha pesa ya kununua mlango mzima. Nawaomba ushauri, hasa ninyi mliozaliwa na akina mama kama wangu: mtu anawezaje kupunguza zawadi aliyoahidiwa mwingine kwa niaba yake? Nikimwomba mwenyekiti achangie angalau kioo, mama atajua?